Kiitikio cha Tisa

Mimi ngumi siziogopi. Muulize mtu yeyote klabuni kwetu atakwambia: Redio haogopi mtu, Redio akipanda ulingoni hata kamba zinakaa sawa. Muulize kocha. Muulize mama wa duka la pembeni anayetuuzia maji. Ila kaka yangu usimuulize. Ana shughuli nyingi.

Redio ndiye mimi. Jina nilipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, sinyamazi. Ya pili, kazi yangu ni nyimbo: nina kimeza mbele ya duka la picha, kompyuta moja yenye kibodi iliyong'oka herufi tatu, na watu wananiletea memori kadi zao niwajazie muziki. Ndiyo maana klabuni nikawa daktari wa nyimbo. Bondia anakuja mezani, namtazama macho, namuuliza nani anakunyima usingizi, kisha namwandikia dawa. Mwingine anataka tarumbeta, mwingine anataka mtu anayefoka tu. Kuna mmoja, mkubwa kama kabati, anapigana vizuri akisikiliza nyimbo za mapenzi ya kuachwa. Sicheki. Siri ya mgonjwa ni siri.

Na klabu yetu ina sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Kila bondia ana wimbo wake mmoja. Wimbo huo haupigwi mazoezini wala nyumbani. Unapigwa siku ya pambano tu, katika chumba cha kuvalia, wakati unafungwa bendeji mikononi. Wimbo ukianza, anayekufunga anaanza. Ukiisha, anakaza fundo la mwisho, unasimama, unatoka. Hakuna cha "ngoja kidogo". Kocha anasema akili ya bondia ni pikipiki ya asubuhi: ukishaipiga kiki ikawaka, panda uondoke, usiiache izime. Wimbo ndio kiki.

Wangu ni wa dakika nne na sekunde kumi. Waliurekodi vijana wa mtaani kwetu chumbani, wamefunika madirisha kwa magodoro. Ngoma zinaingia kwanza peke yake, halafu gitaa, halafu kiitikio: njoo mbele, njoo mbele, nyuma hakuna mlango. Kiitikio kinakuja mara tatu. Kwa wimbo ule nilishinda mapambano matano. Haya, manne. La tano mpinzani aliumwa tumbo.

Basi orodha ya mashindano kati yetu na klabu nyingine ikabandikwa ukutani, nikaisoma kwa madaha, kidole kikashuka, kikafika kwenye jina langu, kikavuka mstari kuona nimepangwa na nani. Tingatinga.

Nikasoma tena. Jina halikubadilika.

Nikueleze habari za Tingatinga. Mwaka jana alipigana na kaka yangu. Kaka ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na nondo za madirisha, ana mikono kama jeki ya lori, na alikuwa bondia bora kuliko mimi, bora mara tatu. Raundi ya pili Tingatinga alimpiga ngumi moja ya kulia ikatua kwenye sikio la kushoto. Moja tu. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili nikaisikia, na mpaka leo sijui niufananishe na nini mlio ule. Kaka hakuanguka. Alisimama katikati ya ulingo akigeuka polepole, kama mtu anayetafuta ni nani kamwita. Tangu siku hiyo sikio lake la kushoto ni pambo. Ukimwita kutoka upande huo umeuita ukuta. Aliacha kupigana, akabaki klabuni kama mfungaji wa bendeji, na hakuna anayefunga vizuri kuliko yeye.

Mama alipojua nimepangwa na nani hakupiga kelele. Alikuwa anapepeta mchele. Alisema tu, "Ninyi wawili niliwazaa na masikio manne. Yamebaki matatu. Jumamosi jioni nitahesabu."

Usiku huo nikalala chali nikishika masikio.

Sasa, mtu mwoga angejidai mgonjwa. Mimi nina akili. Alhamisi, wateja walipopungua mezani, nikakaa na kanuni za mashindano nikazisoma kama wakili. Nikaona mambo mawili. Moja: bondia akiitwa mara tatu asitokee, amepoteza, lakini bondia ambaye bado anafungwa mikono anangojewa. Mbili: ukumbi umekodiwa mpaka saa kumi na mbili jioni, na pambano lisiloanza kabla ya hapo linaahirishwa mwezi mzima. Pambano langu lilikuwa la tano, la mwisho.

Unaona? Nangojewa nikiwa nafungwa. Nafungwa mpaka wimbo uishe. Je, wimbo usipoisha?

Nikaufungua kwenye kompyuta. Nikakata mwisho wake pale kiitikio cha tatu kinapomalizikia, nikaubandika kwenye ubeti wa pili, nikaurudia, nikaurudia tena, mpaka wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika arubaini. Maungio niliyalainisha. Mtu mwenye masikio mawili akisikiliza kwa makini angeweza kugundua. Ndiyo, najua nilichokuwa nafikiri hapo. Nilifikiri: anayenifunga ana moja.

Jumamosi ikafika, ingawa niliiomba isifike. Chumba chetu cha kuvalia kilikuwa stoo ya viti nyuma ya ukumbi: viti vya plastiki vimepandana mpaka darini, benchi moja refu la mbao, taa moja, mlango mmoja. Ukuta wa kushoto ulikuwa plaiwudi tu, na nyuma ya plaiwudi ndiko walikowekwa wapinzani. Unasikia hadi mtu akikohoa. Nje ukumbini watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni, na kila kelele ikipanda, viti vile vya plastiki vinatetemeka juu yangu, tik-tik-tik, kama meno.

Pambano la nne lilikuwa la mwenzetu tunayemwita Kijiti. Aliondoka akiwa anacheka. Alirudi amebebwa na watu wawili. Wakampitisha mbele yangu, wakamkalisha mwisho wa benchi, akanitazama kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Redio," akasema.

"Naam, Kijiti."

"Leo nani anapigana?"

Wakampeleka nje apate hewa. Matokeo yakawa mbili kwa mbili. Yaani timu ikishinda au ikishindwa, ni mimi. Kocha akaingiza kichwa mlangoni, akanionyesha kidole kimoja, akatoka. Yeye huwa haongei sana siku ya pambano. Nikatazama saa. Kumi na moja na dakika thelathini na tano. Dakika ishirini na tano tu, nikajiambia. Watu wanasubiri foleni ya benki zaidi ya hapo.

Kaka akaingia na bendeji zake mbili zimeviringishwa vizuri. Akaketi mbele yangu kwenye kigoda, akavuta mguu mmoja ukakunjika, goti likaegemea benchi, kama anavyokaa siku zote. Mimi nilikuwa nimeshaweka simu na spika ndogo juu ya benchi, upande wake wa kushoto.

"Leo mbona spika iko huku?" akauliza. "Kawaida unaiweka kule."

"Waya mfupi, kaka."

Akautazama waya. Ulikuwa mrefu wa kutosha kuanikia nguo.

"Haya. Weka."

Nikabonyeza. Ngoma zikaingia. Kaka akashika mkono wangu wa kulia akaanza: kifundo mara tatu, kiganja mara tatu, kati ya vidole, kurudi. Siku nyingine zote, ngoma zile zikiingia kuna kitu kinanipanda kutoka tumboni, mabega yanashuka, macho yanakuwa madogo. Siku hiyo kilichopanda kilikuwa chai ya mchana.

"Mkono unatetemeka," kaka akasema.

"Ni besi hiyo. Spika ina besi kali."

Nyuma ya plaiwudi nikasikia mtu akipiga miayo. Miayo mirefu, ya mtu mkubwa. Halafu sauti ya kocha wao ikilalamika: "Amka bwana. Leo umepoa kama uji wa jana. Ruka kamba basi." Na sauti nyingine, nzito, ya taratibu: "Sina hamu, mzee wangu. Simu imezima, sina hata muziki."

Nikajiona nina bahati. Tingatinga amepoa. Kamba ikaanza kugonga sakafu upande ule, tap, kimya, tap-tap, kimya. Ya mtu anayelazimishwa.

Kiitikio cha kwanza kikapita. Cha pili. Cha tatu. Kaka alikuwa amefika mkono wa kushoto na alikuwa anamalizia. Hapa ndipo wimbo huishia. Nikabana pumzi.

Wimbo ukaendelea.

Kaka akabaki ameshika ncha ya bendeji. Akatazama sakafu kidogo. Halafu, taratibu, akaanza kuifungua.

"Haijakaa sawa," akasema. "Nianze upya."

Nikataka kumbusu. Amenaswa, nikawaza. Kiitikio cha nne kikaja, njoo mbele, njoo mbele, na yeye anazungusha kitambaa, kifundo mara tatu, kiganja mara tatu. Mlango ukagongwa. Alikuwa msimamizi, bwana mmoja mwembamba mwenye filimbi shingoni na karatasi mkononi.

"Kona nyekundu, mnaitwa. Mara ya kwanza."

"Tunafunga," kaka akasema bila kugeuka.

Msimamizi akatazama bendeji, akatazama saa yake, akaguna, akaondoka. Kumi na moja na dakika arubaini na moja. Mambo yalikuwa yanakwenda kama nilivyoyapanga, na bado nilitega sikio. Maana upande wa pili wa plaiwudi kuna kitu kilikuwa kimebadilika.

Kamba. Ilikuwa haisimami tena. Tap, tap, tap, tap. Nikasikiliza. Ngoma za wimbo wangu zinapiga, na kamba inapiga. Zinapiga pamoja. Kwenye kiitikio kamba ikaongeza kasi; kwenye ubeti ikapunguza. Yule mtu alikuwa anaruka kamba kwa wimbo wangu.

"Hivyo sasa!" kocha wao akasema kule. "Ndiyo huyo ninayemjua mimi."

Tap-tap-tap-tap. Sakafu ya stoo yetu ikawa inapokea kila ruko. Halafu plaiwudi ikagongwa kwa heshima, mara mbili, kama jirani anayekuja kuazima chumvi.

"Jirani," sauti nzito ikasema, na haikuwa na usingizi tena. "Wimbo mtamu sana huo. Hebu ongeza sauti kidogo. Misuli ndiyo kwanza inashika moto."

Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Mimi nimempakulia.

Nikamtazama kaka. Plaiwudi ilikuwa kushoto kwake. Hakugeuka, alikuwa ameinamia kidole gumba changu. Kiitikio cha sita. Alimaliza mikono yote miwili, akaitazama, akatikisa kichwa, akafungua wa kulia tena. Nikawa natamani amalize na natamani asimalize. Kila dakika niliyoipata ilikuwa yangu nusu, nusu ya Tingatinga. Kule anaanza kupiga ngumi hewani. Unaijua sauti yake, ule mpumuo wa puani, fss, fss, na ngumi zinaangukia juu ya ngoma, barabara. Kwenye "nyuma hakuna mlango" anapiga tatu mfululizo. Nilikichukua chombo cha kunitia ujasiri mimi, nikawa nimemnolea mwizi panga, na nikamshikia taa aone vizuri.

"Kaka," nikasema.

Akainua macho. "Sema."

Alisubiri. Nakumbuka alisubiri kweli, mikono imetulia juu ya yangu. Nikaona sikio lake la kushoto, zima kabisa kwa nje, dogo, la mama.

"Hamna," nikasema. "Unafunga vizuri."

"Haya." Akaendelea. Kiitikio cha saba.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. "Kona nyekundu, mara ya pili. Na wapambaji wa harusi wameshafika na maua yao, wananifokea mimi. Mtu hafungwi mikono robo saa, hata akiwa na mikono sita."

Kumi na moja na arubaini na sita. Kaka akasimama. "Nakuja tuzungumze nje," akamwambia msimamizi. Kisha akanigeukia, akachukua glavu chini ya benchi. "Tuvae hizi kabisa kuokoa muda. Fundo la mwisho nitakaza wimbo ukiisha, kama sheria inavyosema."

Akanivisha ya kulia, akaivuta kamba, akafunga. Akanivisha ya kushoto, akaivuta kamba mpaka mwisho, akaiacha inaning'inia bila fundo. Akatoka, akarudishia mlango.

Nikabaki mimi, wimbo, na Tingatinga.

Hapo ndipo nilipoona vizuri nilichofanya. Dakika kumi na nne zimebaki, na kule nyuma ya plaiwudi kuna mtu anayezidi kuwa mkubwa kila kiitikio. Sikutaka tena kuahirisha. Nilitaka azimwe. Apoe, arudie kupiga miayo. Nikainyoshea simu mkono, nikaona glavu. Nikaunyosha wa pili. Glavu. Jipande la ngozi nyekundu kubwa kama kichwa cha mtoto, linapapasa kioo cha simu, na simu inanitazama tu.

Nikabana glavu ya kushoto katikati ya magoti nikavuta. Hata bila fundo, kaka akikaza kitu kimekazwa. Anachomelea mageti yule. Nikajaribu kiwiko. Simu ikateleza ikakaribia kuanguka. Nikajaribu kidevu. Upande wa pili: fss, fss, fss. "Jirani, huo huo, usibadilishe!"

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikapiga magoti mbele ya benchi, nikaweka glavu zote mbili mgongoni kama mfungwa, nikainama, nikabonyeza kwa pua.

Pua ilikuwa na jasho. Badala ya kutua kwenye kitufe cha kuzima, ikateleza kwenye mstari wa sauti, kutoka kushoto mpaka kulia, yote. Wimbo ukalipuka. Viti vya plastiki vikaanza kutetemeka juu yangu. NJOO MBELE, NJOO MBELE. Nyuma ya plaiwudi Tingatinga akaunguruma kwa furaha, na nikasikia kishindo, kishindo cha pili, nikajua anapiga kitu, sijui ni mto wa mazoezi au ni ukuta wenyewe. Nikabonyeza tena kwa pua, na tena, kama kuku anayedonoa punje isiyong'oka. Machozi yalikuwa yananitoka. Niliyaita jasho.

Kisha nikahisi upepo shingoni. Mlango ulikuwa wazi.

Sijui kaka alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuwa ameegemea fremu, mikono amekunja. Akaja, akachuchumaa karibu nami, tukawa tumelingana, mimi na glavu zangu mgongoni.

"Unaibusu?" akauliza.

"Imekwama," nikasema. "Simu. Imekwama, inarudia peke yake. Nilikuwa naitengeneza."

"Inarudia peke yake."

"Simu za siku hizi, kaka."

Akaichukua. Kwenye kioo, kuanzia kitufe mpaka mwisho wa mstari wa sauti, kulikuwa na mchirizi wa jasho wenye upana wa pua yangu. Akaiinamisha kwenye taa ili nami niuone.

"Hiki ni kiitikio cha tisa," akasema.

Nikafuta pua kwa glavu.

"Kawaida ni vitatu. Wimbo ulipovuka cha tatu nikajua. Ukakisia sisikii."

"Nilidhani upande ule..."

"Sisikii upande ule. Goti langu liko kwenye benchi." Akapiga benchi kwa kiganja mara moja, ngoma na kiganja vikaingia pamoja. "Mwaka mzima muziki wa watu wote nausikia kwa goti. Waya mfupi."

Akasema "waya mfupi" kwa sauti yangu, ile niliyoisema nayo. Ningependelea anipige.

"Sasa mbona uliendelea kufungua na kufunga?"

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nikakupa nafasi tatu." Akaifuta simu kwa shati lake. "Mimi mwaka jana sikumwambia mtu. Wimbo uliisha nikasimama nikiogopa, na watu wote wananiita simba. Nikapanda hivyo hivyo."

Akabonyeza kwa dole gumba. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nyuma ya plaiwudi kamba ikagonga mara mbili zaidi, ikajikwaa, ikasimama.

"Aa," sauti nzito ikasema kwa masikitiko. "Mbona mmezima?"

Ukumbini filimbi ikalia. "Kona nyekundu, mara ya tatu!"

Kaka akaivuta ile kamba ya glavu ya kushoto iliyokuwa inaning'inia, akakaza fundo la mwisho, akakata ncha kwa meno. Kisha hakuinuka. Aligeuza kichwa, akaleta sikio lake la kulia karibu kabisa na mdomo wangu, lile zima, akangoja.

"Sema sasa," akasema. "Kabla hatujatoka."